Fundi wa hapa Malindi kanipimia fremu kwenye mizani ya skrapu!!!

Mtelezo_wa_Sabaki:
Jamani mtanisamehe maandishi, mikono yatetemeka. Huyu fundi mnamjua, hakuna asiyemjua, yule mwenye redio isiyozimwa na kibao cha TUNATENGENEZA VYOTE, jina sitaji maana mamake anamjua mamangu. LEO KANIPIMIA FREMU YA BAISKELI KWENYE MIZANI. Mizani ya skrapu!! Ile ya ndoano! Mbele ya watu!

Nina baiskeli ya Bianchi ya zamani, ya Mtaliano mmoja aliyerudi kwao akamwachia mlinzi, ile rangi yao si kijani si buluu, fremu chuma kitupu. Nimeitafutia vitu polepole, gurudumu la nyuma la kaseti (yale meno ya nyuma) ya gia nane nimelitoa mtumba Mombasa, cheni ya gia nane, leva ni zile zake za zamani za kwenye fremu zisizo na klik, hazina habari kama una gia sita au nane, wewe wavuta waya mpaka gia ikae. Nafasi ya nyuma ni milimita 126 na gurudumu lataka 130, lakini chuma chapanuka bwana, unavuta kwa mikono linaingia. Vitu vyote vimekubaliana. Kilichobaki ni kikombe KIMOJA cha ekseli ya pedeli, kile cha nyuzi kinachoshika gololi ndani ya fremu, upande wa cheni, kimeshikwa na kutu, na spana yake mimi sina.

Nampelekea fremu tupu. Namwambia fundi, hii si Black Mamba, zile nzito za India, ni ya Kitaliano, upande wa cheni yafunguka kwa kushoto kama nati yoyote. Ati "mimi nafungua baiskeli tangu Moi, upande wa cheni ni kulia." Kulia ni za Kiingereza na hizi za India!! Akashika tindo na nyundo akaanza kugonga kwa kulia, yaani ANAKAZA, nami napiga kelele unakaza fundi unakaza, ananiambia nishushe sauti hasikii redio. Kimekazwa mpaka nadhani kimetokezea Mambrui.

Alipochoka ndio akamwita kijana wa mkokoteni, "wee hebu mpimie huyu." Na kijana akaja!! Akaitundika! Bianchi yangu yazunguka kwenye ndoano na wazee wa kahawa wamegeuza viti watazame. "Kilo mbili na kitu." Mzee mmoja auliza, pamoja na kiti? KWENYE MIZANI jamani. Halafu fundi ataka mia mbili ya kazi.

Pweza_Mkavu:
Kilo Mbili na Kitu pole sana 😂😂😂

BintiNgala:
Kilo ni bei gani siku hizi? Nauliza tu, nina jiko la zamani

Mtelezo_wa_Sabaki:
Haya chekeni. Fremu ya watu kwenye ndoano

Kasa_Mzee:
Kijana kwa kikombe uko sawa. Ya Kiingereza fremu hapo chini ina upana wa milimita 68 na upande wa cheni hufunguka kwa kulia, ya Kitaliano ni 70 na pande zote mbili hufunguka kwa kushoto. Rula ingetosha kumnyamazisha. Sasa tia mafuta ya kulainisha kutu, ilale nayo, kesho tafuta bolti nene na washa, kibane kikombe halafu zungusha hiyo bolti na spana ndefu. Halafu hilo gurudumu ni la Shimano au Campagnolo? Mana kaseti zao haziingiliani, mifereji ya habu, kile kitovu cha gurudumu, si mamoja

Mtelezo_wa_Sabaki:
Shimano zote mzee, habu, kaseti na mashine ya nyuma ya kuhamisha cheni. Nimekwambia vitu vimekubaliana!! Aliyekataa ni binadamu. Na hujasikia la cheni, alitaka kunitilia ya Black Mamba, ati cheni ni cheni. Ile ni pana, kwenye kaseti ya gia nane itakwaruza jirani zake wote

boda_barani:
Fundi mwenyewe ni mjomba wangu na anasema ulikuwa unamfundisha kazi mbele ya wateja

Pweza_Mkavu:
Mjomba amesikia mpaka huku 😂 muulize redio ni stesheni gani

Mtelezo_wa_Sabaki:
Mwambie mjomba wako KUSHOTO

boda_barani:
Anasema mia mbili zake hajaona

Shella_Upepo:
Nyinyi wa Malindi mwalilia baiskeli, sisi Lamu punda na pikipiki wagombania njia moja, juzi punda kanikanyaga mguu na mwenye punda ndiye aliyenitukana. Mimi!

BintiNgala:
Mafundi wote ni baba mmoja mama mmoja. Fundi wangu wa nguo nilimpa kitambaa kabla ya Ramadhani, Idi imepita, nampigia asema yuko njiani. Njiani kwenda wapi, cherehani iko nyumbani kwake

Kasa_Mzee:
Bolti iwe nene kweli, usitie nyembamba itakatika

Mamba_wa_Muyeye:
Afadhali kitambaa dada. Mimi fundi wa friji kaondoka na kompresa ati aenda kuipima, na friji ina samaki

BintiNgala:
Samaki gani

Mamba_wa_Muyeye:
Changu na tafi. Walikuwa

Pweza_Mkavu:
Si ungewapika siku hiyohiyo, au ulikuwa wasubiri kompresa?

Mtelezo_wa_Sabaki:
Hii si uzi wa samaki!! Mtu kapima BIANCHI kwenye

Shella_Upepo:
Tafi wa kukaanga na bada, basi

Mamba_wa_Muyeye:
Bada wapi na bei ya muhogo hii. Juzi Soko nimeuziwa vipande vitatu vya uzi mtupu, namrudishia mama aniambia nimevichemsha vibaya

BintiNgala:
Huyo mama si yule mwenye leso ya njano? Mimi kaniuzia maembe mabichi akaniapia ni dodo