Naombeni ushauri: kwa sasa ni salama kwenda Goma?

Mama_Kahama
Habari za jioni wanajamvi. Wiki hii natakiwa kwenda Goma kwa shughuli ya kifamilia, siku tatu tu halafu narudi. Njia niliyoelekezwa ni Rusumo, Kigali, Gisenyi, kisha navuka mpaka kwa miguu. Nikifungua redio nasikia mapigano, nikipiga simu kule naambiwa kumetulia. Nifuate lipi? Aliyepita huko karibuni naomba anieleze. Siku nyingi sasa silali vizuri.

Dereva_wa_Tunduma
Dada, Kongo ninayoijua mimi ni ya Kasumbalesa. Niliwahi kukaa kwenye foleni siku tisa. Siku ya nne maji yakaisha, dumu moja la maji tukauziwa bei ya kreti la soda, na jiko la gesi lilikuwa la mwenzangu ambaye tulikuwa tumegombana tangu Mbeya. Tulipatana kwa njaa. Goma sijafika, ila beba maji ya kutosha.

Mwl_Ngara
Mkuu, Kasumbalesa iko kusini kabisa, karibu na Lubumbashi. Huko ni mbali mno na Goma.

Dada, hali iko hivi. Goma iko mikononi mwa waasi wa M23 tangu mwisho wa Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Afisa utakayemkuta upande wa Goma si wa serikali ya Kinshasa, na ubalozi wetu uko hukohuko Kinshasa, upande wa pili wa nchi. Ukikwama hakuna wa kukufuata. Tena usisahau kwamba askari wetu walikuwa kwenye kikosi cha SADC kilichopigana upande wa serikali, na mwanzoni mwa 2025 tulipoteza wawili. Mtu anayeshika pasi yako ya Tanzania getini anayajua yote hayo.

Shughuli gani hiyo isiyoweza kusubiri?

Mzee_wa_Vitenge
Ukifika niletee vitenge, vya Kongo havichuji.

Shangazi_Tabora
Wewe wa vitenge hebu nyamaza, mtu ana shida. Mwanangu, mjibu mwalimu.

Mama_Kahama
Namfuata mwanangu. Ana miaka sita, yuko kwa bibi yake mzaa baba. Nilimpeleka Desemba 2024 kusalimia, nikarudi kwenye biashara, Januari mji ukachukuliwa. Hajambo, anasoma. Wiki iliyopita nilituma hela, bibi akaenda benki akatoa, akamnunulia madaftari na viatu. Cheti cha kuzaliwa ninacho, alizaliwa Kigoma.

Mtumishi_77
Samahani kwa kusema ukweli. Mtoto wa miaka mitano haachwi nchi ya watu kwa ajili ya biashara. Vita ya Kongo haikuanza jana. Siku hizi wazazi tunatanguliza pesa, halafu tunakuja kuomba ushauri. Tumrudie Mungu.

Shangazi_Tabora
Mahubiri baadaye. Baba wa mtoto yuko wapi?

Mama_Kahama
Hayupo nyumbani. Hilo halihusiani na swali langu.

Mwl_Ngara
Linahusiana kuliko yote uliyoandika. Getini utaulizwa unaenda kwa nani, na huyo mtoto ni wa nani.

Mama_Kahama
Ni askari wa FARDC, jeshi la serikali ya Kongo.

Mji ulipoanguka alikimbilia kambi ya MONUSCO, wale walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Alikaa humo miezi mitatu, mpaka mwisho wa Aprili Msalaba Mwekundu walipoanza kuwasindikiza kwa magari kuelekea Kinshasa. Yuko hai, tunaongea. Sikutaka kuandika kwa sababu najua mtanikataza, na mimi tiketi nimeshakata. Basi linaondoka Alhamisi saa kumi na moja alfajiri. Majirani wa kule wanasema wanawake hawasumbuliwi. Na mimi si mwanajeshi.

Fundi_Radi
Wakuu, mnakunywa chai. Akaunti imefunguliwa jana, uzi ni huu mmoja, na kila akibanwa anaongeza kipande: kwanza shughuli, mara mtoto, mara askari. Lililonimaliza ni bibi kwenda benki. Benki za Goma zilifunga milango Januari 2025, kila mtu anajua. Bibi katoa hela benki ipi?

Mzee_wa_Vitenge
Nilianza kuhisi. Maandazi yako wapi?

Dereva_wa_Tunduma
Duh. Na mimi nimetoa ushauri wa maji.

Mama_Kahama
Akaunti nimefungua jana kwa sababu shida imenipata sasa. Kuhusu benki, bibi mwenyewe ndivyo anavyosema kwenye simu, "nimetoka benki". Sikumhoji.

Mutoto_wa_Birere
Huyu mama hasemi uongo. Mi niko Goma. Kutoa makuta, ni kusema pesa, batu tunavukaka Gisenyi, tunatoa kwa telefone, tunarudi. Bazee beti banaitaka ile "kwenda banki". Bibi yake naye njo anafanyaka vile.

Huku batu banaishi, soko ya Virunga inafanya, chukudu za miti zinabeba mizigo. Hata kisha volkeno ya 2021 tulirudia manyumba. Lakini usiku usitoke. Na ku barrière mara ingine banaomba telefone. Mama, kama bibi anavukaka kwa makuta, avuke na mutoto pia. Wewe ubakie Gisenyi.

Fundi_Radi
Sawa. Kama ni hivyo naomba radhi, dada.

Mwl_Ngara
Huo ndio ushauri wenyewe. Kaa Gisenyi na cheti cha mtoto na barua ya baba yake inayoruhusu umchukue. Bibi ampitishe mjukuu wake, wewe usikanyage ng'ambo.

Mama_Kahama
Nimemwomba mara mbili. Anasema mjukuu wake hatolewi getini kama furushi. Niingie ndani, nikae mkekani, niombe mtoto kwa heshima, naye ampike chakula cha mwisho. Mwanawe ameondoka hata kuaga hakuaga. Namwelewa, na siwezi kumshinda kwa simu.

Shangazi_Tabora
Basi mpigie tena, usimwombe mtoto. Mwombe yeye aje Gisenyi mlale wote usiku mmoja, mkeka uutandike wewe. Bibi wa hivyo anataka kufuatwa, na umeshamfuata hadi mlangoni.

Na hiyo simu yako, ndani kuna picha za mume?

Mama_Kahama
Zipo. Yuko na magwanda, mtoto kakaa mabegani kashika kofia. Mtoto hana picha nyingine za baba yake. Siwezi kuzifuta.

Shangazi_Tabora
Hakuna aliyesema uzifute. Mtumie ndugu yako aliyeko Kigoma, kisha uzitoe kwenye simu, na kwenye meseji pia.

Mama_Kahama
Shangazi, nimempigia bibi kama ulivyosema. Amenyamaza muda mrefu, halafu akauliza Gisenyi kuna baridi kiasi gani usiku. Hajasema ndiyo. Alhamisi naondoka, nitamsubiri huko.

Picha nimemtumia dada. Nimebakiza moja tu, ile aliyovaa nguo za kawaida, kofia ndiyo ya kazini.

Mutoto_wa_Birere
Mama, na ile kofia itoe.