Sarafu ya Kirumi yenye mtu wa miale kichwani, wajuzi naomba msaada

kijana_nyakato
Mwangaluka wakuu. Mjomba alisoma Italia zamani akarudi na kisarafu, sasa kaniachia mimi. Ni cha fedha ila kina weusi weusi, upande mmoja kijana hana ndevu kavaa taji kama la miiba, nyuma kuna mtu yuko uchi kanyoosha mkono wa kulia juu, kushoto kashika mpira na kichwani ana miale. Naona GORDIANVS, nyuma AETERNITATI AVG. Sonara mmoja hapa mjini anasema nimpe aioshe na asidi au aiyeyushe anitengenezee pete. Niende? Na huyo wa miale ni Yesu au?

mama_igoma
Mdogo wangu usimpe, nakuomba sana! Asidi ikipita sura yote inakwanguka na hairudi. Huyo kijana ni Gordian III, alipewa ufalme wa Roma mwaka 238 akiwa na miaka 13. Wa nyuma siyo Yesu, ni Sol, mungu jua wa Warumi, mkono juu ndo ishara yake na huo mpira ni dunia. Hapo walikuwa wanatangaza utawala wa kijana ni wa milele kama jua, na mtoto wa watu akafa 244. Halafu taji siyo miiba, ni miale pia, ndo alama ya antoniniani, sarafu aliyoanzisha mfalme Caracalla 215, inahesabiwa denari mbili (denari ndo sarafu ya fedha ya Warumi iliyokuwepo kabla) wakati fedha iliyomo haifiki ya denari mbili, wananchi waliumizwa kweli.

mvuvi_kirumba
Mama kamaliza, naongezea tu kwamba fedha iliendelea kupunguzwa mpaka enzi za mfalme Gallienus miaka ya 260 ikabaki shaba iliyopakwa fedha juu. Mfalme Aurelian akaja kumjengea Sol hekalu Roma 274, kwenye sarafu zake utaona mateka wamekaa miguuni pa Sol, mimi hizo ndo nazipenda kuliko zote. Ila mkuu zipo feki nyingi, weka sumaku, ikivuta achana nayo. Cheki na ukingoni, ukiona mstari umezunguka kama wa beseni la plastiki ujue imemiminwa, za kweli ziligongwa kwa nyundo.

kijana_nyakato
Asanteni sana. Sumaku haivuti, mstari hamna, ukingo umepasuka kidogo sehemu moja. Mizani ya sonara ilisoma gramu 4 na pointi.

mama_igoma
Uzito huo unaendana kabisa, na mpasuko wa hivyo ni wa kawaida kwa zilizogongwa. Iweke kwenye bahasha ya karatasi siyo mfuko wa nailoni, ishike ukingoni, na utupie picha za pande zote mbili mchana kwenye mwanga tuisome vizuri.