Naomba ushauri: riwaya ya binti aliyeasiliwa, kidato cha pili

Walimu wenzangu, wakubwa shikamooni. Nafundisha Kiswahili hapa Tanga, na nataka darasa lisome riwaya ya vijana kuhusu binti aliyeasiliwa anayemtafuta mama mzazi. Wanafunzi kadhaa wanalelewa na bibi au mama mkubwa. Mmoja, nikigusia habari za nyumbani, huinamia daftari akachorachora pembeni. Sitaki wenzake wamgeukie. Sheria ya Mtoto ya 2009 nitaieleza, kwamba amri ya kuasili hutolewa na Mahakama Kuu; hilo jepesi. Kinachonitia wasiwasi ni ubini: wazazi wengi ni Waislamu, na kwao mtoto wa kulea hubaki na jina la babake mzazi. Niwaite wazazi kwanza? Maswali yamhusu mhusika tu, au waandike ya kwao nisome peke yangu? Mliowahi kuifundisha mada hii, mlianzaje?