Papa shefu kugongeshwa mhuri juu ya boneti ya gari!!!

Mwana_Majengo: Jamani, hasira imenifika kooni. Yule bwana wa shirika la misaada, wa gari jeupe lenye antena ndefu kama fimbo ya kuvulia samaki, wote tunamjua. Leo asubuhi kwenye robine mpya, yaani bomba za maji, amemsimamisha juani shefu wetu wa kartie, mkuu wa mtaa, mzee wa mvi. Karatasi juu ya boneti. Kikopo cha wino akakifungua yeye mwenyewe, akaonyesha kwa kidole: "Papa shefu, gonga hapa. Kusoma utasoma baadaye."

Kusoma baadaye! Mbele ya akina mama na bidoni zao!

Karatasi ile inasema kartie imepokea robine sita na itazitunza. Itazitunza kwa mate? Spana hakuna, vipuri hakuna, mshahara wa mlinzi hakuna. Halafu hesabu yake: watu 250 kwa robine moja, basi sita ni watu 1,500. Lita 15 kwa mtu kwa siku, jumla lita 22,500. Kila robine ikitoa lita 7.5 kwa dakika, sita zinatoa 45. Gawanya: dakika 500, yaani saa nane na dakika ishirini maji yatiririke bila kukatika hata kidogo. Goma hii, umeme ukienda na pampu imelala! Na hao 1,500 ni deplase, waliokimbia makwao, peke yao. Familia zilizowapokea, zinazolala nao chumba kimoja, hazimo, na zinachota palepale. Wakiwa 3,000 ni saa 16 na dakika 40. Daftari la nyumba kumi lenye majina ya wenyeji na wageni lilikuwa kwapani mwa shefu. Kwapani! Hakuulizwa. Akaambiwa gonga.

Mtoto_wa_Birere: Uzi wako mrefu kuliko foleni ya maji. Mhuri haujigongi wenyewe, ndugu. Angekataa.

Mwana_Majengo: Angekataa, robine zingehamia kartie nyingine na akina mama wangemla mbichi. Kikopo cha wino alifunguliwa kama mtoto wa chekechea!

Fundi_Bomba: Wino uacheni. Kinachokufa kwanza ni kile kipete cha mpira ndani ya robine, kwa mchanga na kwa watu wanaokaza kwa nguvu. Inaanza kudondosha, wanaifunga kwa mpira wa baiskeli, presha inashuka kwa zote sita. Kabla ya kugonga mhuri wowote, dai vipete vya akiba, spana, na mchoro wa mabomba unaoonyesha vani, ya kufungia maji, iko wapi. Bila mchoro, bomba moja likipasuka kartie nzima inafungiwa maji.

Karani_Mstaafu: Wanangu, kosa haliko kwenye boneti. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 inazipa bajeti yake miji, komini (sehemu za mji), sekta na sheferi (za vijijini). Kartie haimo, ni tawi la utawala tu, haina mfuko. Karatasi ile ilipaswa kusainiwa na burugumesta, mkuu wa komini, matunzo yaingie kwenye bajeti ya komini. Shefu akigonga peke yake, hakuna sanduku linalodaiwa.

Mtoto_wa_Birere: Komini ina sanduku gani, papa?

Karani_Mstaafu: Katiba, kifungu cha 175, inaiachia mikoa asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, ikatwe kwenye chanzo. Katika hiyo, asilimia 40 ni ya miji, komini na wenzao. Kwa kila faranga 100, 16 zingefika chini. Hapo ndipo pa kupigia kelele.

Mama_Klori: Mnalilia robine, na wanaochota ziwani je? Mtia klorini, anayetia dawa kwenye bidoni zao, amepewa sindano na ndoo, kifaa cha kupimia klorini hakupewa! Unga wa asilimia 65 hadi 70, gramu 15 kwa lita moja, unapata dawa ya asilimia 1. Hiyo anaijua. Lakini mvua ikichafua maji, uchafu unaila klorini, na kipimo cha jana hakifai kitu. Lazima ajaribu bidoni tatu za lita 20, mililita 2, 4 na 6, angoje dakika 30, achague ile inayobaki na miligramu 0.5 kwa lita. Atachaguaje bila kifaa cha kupimia? Na ndoo ya dawa imeachwa wazi juani, nguvu inapotea.

Mwana_Majengo: Mama, tulikuwa kwenye mhuri. "Kusoma utasoma baadaye"!

Jiwe_la_Lava: Mhuri, mhuri! Vyoo je? Choo kimoja kwa watu 20, kwenye lava ya Nyiragongo isiyochimbika. Ndiyo maana vinajengwa juu, vya ngazi, na shimo fupi linajaa upesi. Nani analipa gari la kunyonya kinyesi? Karatasi haisemi.

Fundi_Bomba: Hata likilipwa, halipiti kwenye mawe yale. Mpira wake una mita ngapi?

Jiwe_la_Lava: Haufiki hata choo cha kwanza kutoka barabarani.

Mama_Klori: Basi pampu ya mkono na mapipa yenye vifuniko, yasukumwe kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, mpaka kwenye gari.

Fundi_Bomba: Pipa la lita 200 likijaa ni kilo 200 na zaidi. Kwenye mteremko ule atashika nani breki? Jazeni nusu.