Naomba ushauri: ELISA inasema nina homa ya ini B, kipimo cha haraka kinakataa

Habari zenu wakuu, hasa mlio maabara.

Nilichangia damu, baadaye nikapigiwa simu nirudi. Nikaambiwa sampuli yangu imeonyesha HBsAg (protini ya ganda la kirusi) chanya kwenye ELISA (kipimo cha damu cha maabara), yaani homa ya ini aina ya B. VVU na homa ya ini C ni hasi. Mwilini sijisikii chochote.

Nikaenda maabara ya mtaani, wakanitoboa kidole, kipimo cha haraka kikatoa mstari mmoja tu: hasi. Mhudumu akasema niachane nayo. Roho haijatulia, maana ninavyoelewa kipimo cha haraka kinaweza kukosa HBsAg ikiwa kidogo kwenye damu, na ELISA nayo inaweza kutoa chanya ya uongo isiporudiwa. Sasa nishike lipi? Nimepima pia ALT, iko kawaida, ingawa hiyo inaonyesha hali ya ini tu, haisemi kama kirusi kipo.

Sijawahi kuchanjwa. Mke wangu ni mjamzito, na kadi yake ya kliniki ina majibu ya VVU na kaswende, homa ya ini hakuna.

Naomba kujua:

Nirudie HBsAg kwa ELISA pamoja na anti-HBc (kingamwili zinazoonyesha kama niliwahi kuambukizwa) kwanza, au niende moja kwa moja kwenye wingi wa virusi (HBV DNA)? Hicho cha pili bei yake si mchezo.

Na mke apimwe sasa hivi, au tusubiri majibu yangu?

Wauza mizizi, tafadhali msinifuate inbox.