Jaribio la haiba linasema mimi ni ESTJ. Niache kuandika hadithi?

karani_wa_Chumbageni

Wakuu, salaam. Naomba msinicheke, au mkicheka mcheke kidogo halafu mnijibu.

Nipo Tanga, nafanya kazi kwenye kampuni ya uwakala wa forodha. Mchana kutwa ni makaratasi ya mizigo: uzito, idadi, namba ya kontena, ankara inasema magunia 400 na aliyehesabu anasema 396, haya hayo manne yako wapi. Usiku watoto wakishalala naandika hadithi fupi kwenye kaunta buku. Mwaka wa sita huu, kaunta buku tatu zimejaa. Hakuna aliyezisoma isipokuwa dada yangu, naye alisoma moja akalala.

Nimo kwenye kundi la WhatsApp la wapenda vitabu. Siku moja mtu akarusha kiungo cha lile jaribio la herufi nne. Unaulizwa maswali mengi, unabonyeza nakubali au sikubali, mwisho unaambiwa wewe ni nani kati ya aina 16 za watu. Majibu yakaanza kumiminika: INFP, INFP, INFJ, INFP. Yaani watu wa ndani, wa ndoto, wa moyo. Mimi nikatoka ESTJ: mtu wa nje, anayeamini anachokiona na kukigusa, kichwa mbele moyo nyuma, na ratiba juu ya yote. Eti nafaa kuwa meneja au hakimu. Nikatafuta orodha za waandishi maarufu na herufi zao. Kwa INFP wamejaa: Shakespeare, Kafka, Virginia Woolf, Tolkien. Nilijiona kama mtu aliyefika kwenye harusi akaambiwa yeye abaki getini ahesabu viti.

Nikarudia jaribio. Nikadanganya kidogo. Swali la kupanga mambo mapema nikalikataa, wakati tiketi za basi za Krismasi huwa nakata Oktoba. Nikatoka ISTJ, mtu wa ndani, lakini ratiba bado ipo. Mara ya tatu nikadanganya sawasawa, nikapata INFP, nikapiga skrinishoti nikaituma kundini. Wakanipigia makofi. Mpaka leo naona aibu, na sijaifuta.

Kilichonimaliza ni juzi. Jamaa mmoja kampanga Shaaban Robert: INFJ, bila ubishi, "kwa ile hekima yake". Wote wakaafiki. Tangu hapo nikifungua daftari naona kila sentensi imeandikwa na karani. Mhusika wangu akiingia ghalani, jambo la kwanza analofanya ni kuhesabu magunia. Zamani niliona ni utundu wangu, sasa naona ni ugonjwa. Wiki ya saba hii sijaandika hata mstari.

Haya mambo yana ukweli kiasi gani? Na kama yana ukweli, mtu wa aina yangu aandike nini, taarifa ya mwaka?

shombo_la_pweza

Babu yangu Pangani alikuwa akipiga falaki. Unampa jina lako na la mama yako, anahesabu thamani ya herufi, anakutolea nyota. Wateja walikuja na kuku. Wewe umepata yako bure, tena kwa herufi nne tu, shukuru Mungu. Ila babu sikumsikia hata siku moja akimtolea nyota marehemu. Hao wa kundi lenu wamemzidi.

msomi_wa_saikolojia

Pweza umetania, lakini umegusa penyewe. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 dodoso, kisha akampa kila mmoja maelezo ya tabia yake. Wakaombwa wapime yanawafaa kiasi gani, sifuri hadi tano. Wastani ukawa 4.26. Kumbe wote walipewa karatasi ileile, na sentensi nyingi alizitoa kwenye kitabu cha unajimu. Dada, kasome yale maelezo ya INFP ukiwa umetulia, halafu uniambie kama kuna binadamu ambaye hayamhusu.

ticha_mstaafu

Binti yangu, nimesoma mara mbili. Ngoja nikupe historia kidogo, maana hao wanaogawa herufi hawaisimulii.

Kuwapanga waandishi hakukuanza na intaneti. Carl Jung, mwanasaikolojia wa Uswisi, kwenye kitabu chake cha 1921 kuhusu aina za watu, ana sura nzima juu ya mshairi wa Kijerumani, Schiller. Anamweka upande wa watu wa ndani, na mshairi mwenzake Goethe anamweka upande wa nje. Herufi nne zenyewe zililetwa baadaye na Wamarekani wawili, Katharine Briggs na bintiye Isabel Myers. Hakuna kati yao aliyesomea saikolojia. Na hapa ndipo ninapotaka usikilize: huyo Isabel alikuwa mwandishi wa riwaya. Kabla ya dodoso lolote alishinda shindano la riwaya za upelelezi. (Walioshindwa walikuwa vijana wawili walioandika kwa jina la Ellery Queen. Walishaambiwa wameshinda, gazeti likabadili mikono, zawadi ikaenda kwake. Nani leo anamkumbuka Isabel kwa riwaya?) Naye alijihesabu INFP. Sasa wewe unashangaa chumba cha INFP kimepambwa? Fundi hujenga chumba chake vizuri.

Dodoso alianza kulitunga wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kafka alifariki 1924, Shakespeare 1616. Hawakubonyeza kitu. Mtu amesoma vitabu vyao akajaza kwa niaba yao, jinsi wewe ulivyojaza mara ya tatu.

Tena Kafka huyohuyo alikuwa mwanasheria kwenye taasisi ya bima ya ajali za wafanyakazi kule Prague. Aliandika taarifa kuhusu mashine za kuranda mbao, akieleza kwa nini mhimili wa mraba unakata vidole na wa mviringo ni salama zaidi, pamoja na michoro ya mikono iliyopoteza vidole. Taarifa ya mwaka, kama unavyosema. Wanaompa herufi za ndoto ukurasa huo hawaufungui.

Na Shaaban Robert. Dodoso lilichapishwa rasmi 1962, mwaka uleule aliofariki. Lakini sina haja ya kubishana na jamaa yako wa INFJ. Namuuliza tu, anajua alikuwa anafanya kazi gani? Tangu 1926 hadi 1944 Shaaban Robert alikuwa karani katika idara ya forodha. Miaka kumi na minane. Forodha, binti yangu. Nchi hiihii.

Hebu tuwekee hapa hiyo sehemu ya magunia.

mpole_wa_mvua

Naomba nitofautiane kidogo. Mimi ni INFP wa kweli, sikudanganya, na siku nilipoyasoma yale maelezo nililia. Nyumbani nilikuwa naitwa zuzu tangu utoto, kwa kuwa nakaa kimya na nasahau sufuria jikoni. Kusoma kwamba kuna wengine kama mimi kulinipa pumzi. Hilo sitalikana hata mkiniletea maprofesa kumi.

Ila nikiri na lingine. Nilianza kusema "sisi watu wa aina yetu hatuwezi ratiba". Nikapitwa na tarehe ya mwisho ya shindano la hadithi, mwaka wa kwanza, na wa pili. Hadithi ilikuwa imebaki kurasa nne. Nilikuwa nasubiri ijisikie tayari. Dada karani, wewe na hizo kaunta buku tatu umenizidi, na mimi ndiye mwenye herufi.

karani_wa_Chumbageni

Shikamoo mwalimu. Nimesoma hiyo ya forodha nikiwa kazini, nikatoka nje nikasimama kwenye mwarobaini mpaka bosi akauliza kama nimepokea simu ya msiba.

Mpole, pole, na asante. Sikuwaza kwamba hata huko ndani kwenye harusi kuna mtu amekaa vibaya. Hizo kurasa nne zimalize basi, mimi nitakukumbusha tarehe, hiyo kazi naiweza.

Skrinishoti bado ipo kundini. Nitasema, ila sio wiki hii.

Sehemu yenyewe ni hii, msinihukumu:

*Salma aliingia na kibatari. Akaanza kuhesabu kutoka mlangoni, si kwa sababu bosi alimwagiza, bali kwa kuwa giza lilikuwa limeanzia mwisho wa ghala, na alitaka lijue kwamba yeye anajua kilichomo. Moja. Mbili. Alipofika tisini na sita gunia likapumua.*

shombo_la_pweza

Likapumua??

ticha_mstaafu

Endelea.

karani_wa_Chumbageni

Niliishia hapo, ukurasa wa 61. Mdogo bado hajalala, ananiomba maji.