Kutokuwa maskini ni haki yako au ni hisani ya serikali?

Wadau habari za jioni. Jana kijiweni ubishi ulichachamaa mpaka kahawa ikapoa, jamaa mmoja wa bodaboda kashikilia kwamba haki za binadamu ni kuongea, kuabudu na kupiga kura basi, hayo ya kula na kutibiwa ni jasho lako mwenyewe, "haya umaskini ni kuvunjiwa haki, unamshtaki nani sasa?" Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka maana swali lenyewe ndo hilo.

Fungueni katiba yetu ya Tanzania ya 1977. Ibara ya 11 inataja kabisa haki ya kufanya kazi, ya elimu, na ya kusaidiwa ukizeeka, ukiugua au ukiwa hujiwezi. Tamu eeh? Rudi nyuma kidogo sasa, ibara ya 7(2), inasema masharti ya sehemu ile, na ibara ya 11 imo humo, hakuna mahakama inayoweza kuyatilia nguvu ya kisheria. Yaani pilau limeiva, harufu unaipata, jikoni pamefungwa kufuli.

Wakenya 2010 wakaandika ibara ya 43, humo kuna afya, makazi, maji safi, kutokufa njaa, hifadhi ya jamii, na ukinyimwa unaenda kortini. Najua kuna mtu ataniuliza kwani Kenya njaa imeisha, haijaisha. Tena niwaongezee silaha: Afrika Kusini yule mama Irene Grootboom alishinda kesi ya makazi Mahakama ya Katiba mwaka 2000, akafariki 2008 bado yuko kwenye kibanda. Inauma na siifichi ili nishinde ubishi. Ila kesi yake ndo iliyofanya serikali iambiwe usoni kwamba mpango wa nyumba usiomjali mtu asiye na pa kulala leo unavunja katiba. Sisi hata hapo pa kuanzia hatujafika.

Na wanaosema haiwezekani waangalie Zanzibar, 2016 walianza pensheni jamii, ukishatimiza miaka 70 unapata, ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, hakuna kuulizwa uliajiriwa wapi wala mtu kuja kukuhesabia mabati. Ndogo ndio, lakini bibi anaenda na kitambulisho chake kuchukua chake, habembelezi mtu.

Nije kwa mama yangu, bi mkubwa, ana miaka 74. Sera inasema mzee asiyejiweza atibiwe bure, mwezi uliopita nimempeleka hospitali moja, dirishani kuna kikaratasi MZEE KWANZA na kweli tukapishwa, foleni hatukukaa, daktari kamuona vizuri tu kamwandikia dawa ya presha, tunafika dirisha la dawa dada kaangalia kompyuta hata hajatutazama, "imeisha, kanunueni nje." Nje ni kuvuka barabara tu, na dawa ipo maboksi. 18,000. Bi mkubwa akafungua fundo la kanga akaanza kupanga sarafu moja moja juu ya kaunta, hela ya ngano ya kesho hiyo, nikamwambia mama funga.

Halafu mtu ananiambia umaskini ni uvivu! Bi mkubwa huyu anaamka saa tisa usiku kukanda maandazi toka mimi niko darasa la pili.

Hela zitatoka wapi, hapo mna hoja na sina jibu la kila kitu. Mimi sisemi serikali imgawie kila mtu, nasema vichaguliwe vitu viwili vitatu vinavyohesabika, pensheni ya wazee na dawa zao kwa kuanzia, viandikwe viweze kudaiwa mahakamani kama deni lingine lolote. Na wewe ndugu yangu wa bodaboda, siku ukianguka ukavunjika mguu ukafungwa POP, plasta ngumu ya hospitali, miezi mitatu, jasho utalitoa wapi?

Leteni hoja, matusi wekeni pembeni. Risiti ya 18,000 ninayo hapa kwenye waleti, anayejua dirisha la kuipeleka anitajie.